Mnara wa Omena Ulianguka, Nikajikuta Nachimba Historia ya Kisumu

Wasee, Omena ni paka wangu. Jina alijipa mwenyewe: siku ya kwanza kuingia kwa keja alimaliza omena yote ya jioni, akabakisha gazeti tu.

Mwezi uliopita mnara wake ulianguka. Niliuunda mwenyewe kwa mbao za paleti nilizonunua Kibuye, mita moja na nusu kwenda juu, kitako sentimita 40. Ulikuwa ukitikisika tangu siku ya kwanza. Nikaweka kadibodi chini ya mguu mmoja, nikajiambia iko sawa. Omena akaruka kutoka juu, mnara ukaenda upande wa pili, puu! Mtoto wa dada yangu, miaka miwili, alikuwa ameketi hapo hapo. Alikuwa ameinuka tu kufuata mpira wake. Manze, nilitetemeka.

Video zote nilizoangalia zinasema kitu kimoja: toboa ukuta, kaza mnara kwa skrubu. Sawa, lakini mkataba wangu unasema usipige msumari ukutani, ukipiga dipoziti imeenda. Hapo nikajiuliza, kwa nini karibu kila mtu ninayemjua hapa mjini anaishi kwa ukuta wa mtu mwingine? Chuo niliacha mwaka wa pili, kusoma sikuacha. Nikaanza kuchimba.

Reli ilifika hapa Desemba 1901. Mahali pakaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Meli na treni zikaleta watu na mizigo, na pamoja na mizigo, panya. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, bazaar ya Wahindi ikachomwa moto. Miaka iliyofuata Kisumu nayo haikupona.

Sasa angalia serikali ya kikoloni ilifanya nini na ugonjwa wa panya. Mwaka 1913 ilimleta mtaalamu wa afya anaitwa Profesa Simpson kuzunguka Afrika Mashariki. Pendekezo lake kubwa: miji igawanywe kwa rangi. Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na eneo tupu katikati. Yaani panya ndiye amebeba viroboto, lakini anayehamishwa ni binadamu.

Ukipita Kisumu leo bado unaiona ramani hiyo. Milimani iko juu, penye upepo na miti. Chini ni mji wa biashara. Mwafrika alihesabiwa mfanyakazi wa kupita tu: alale kwa nyumba ya mwajiri au apange chumba, kazi ikiisha arudi kijijini. Nani angempa ukuta wake mwenyewe? Wengi wakajipanga nje ya mpaka wa mji, Nyalenda na Manyatta, ambako wenye mashamba walijenga vyumba vya kupangisha. Mji ulikuja kupanua mpaka na kuwameza mapema miaka ya 1970, lakini vyumba vya kupanga vilikuwa vishazoeleka. Mimi nalala kwa kimoja.

Kinachoniuma ni hiki. Huko India daktari mmoja, Andrew Buchanan, aliandika mwaka 1908 kwamba vijiji vyenye paka wengi vilipata tauni kidogo. Dawa moja ya bei rahisi ilikuwa inalia nyau mlangoni, na wakubwa wakachagua kugawa watu.

Sijasema mwenye nyumba wangu ni mkoloni, relax. Ukuta ni wake na rangi ni pesa. Ninasema tu hii hali ya kuishi kama mgeni mjini kwenu haikutoka mbinguni. Ilipangwa.

Sasa turudi kwa mnara. Nilipata msaada kutoka kwa historia nyingine, ya kigoda cha wazee. Kile cha miguu mitatu. Miguu mitatu haitikisiki hata sakafu ikiwa na mabonde, kwa sababu ncha tatu zote hugusa chini kila wakati. Mguu wa nne ndio huleta fujo kwa simenti mbovu kama yangu. Lakini chunga: kisichotikisika bado kinaweza kupinduka. Kigoda ni kifupi, mnara ni mrefu. Kwa hivyo nilifanya hivi:

1. Kitako kipya cha miguu mitatu, sentimita 80 kutoka mguu hadi mguu, na mnara wenyewe nikaupunguza hadi mita moja.

2. Uzito chini. Gunia dogo la mchanga limefungwa juu ya kitako. Juu kukae vitu vyepesi pekee.

3. Kona, si katikati ya chumba. Kuta mbili zinazuia bila msumari hata mmoja.

4. Grili ya dirisha. Karibu kila ploti inayo, na imejengewa ukutani. Nilifunga mnara hapo kwa kamba ya mkonge, sehemu mbili, fupi na ya kukaza. Usiache kitanzi kinaning'inia, paka au mtoto anaweza kujinyonga. Na usifunge kwa fimbo ya pazia, hiyo itakuja nayo.

Mkonge wenyewe pia ni mgeni. Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, asili yake Mexico. Miche 1,000 ilianza safari, 62 ndiyo iliyopona. Leo Omena ananoa kucha kwa wajukuu wa hiyo 62, kwa sababu nimezungushia nguzo kamba hiyo hiyo.

Kabla ya kumruhusu paka, nilisukuma mnara kutoka juu kwa mkono mzima, pande zote. Haukuenda. Mtoto wa dada amerudi kucheza pale, na mimi bado namwangalia.

Leo usiku kabla hujalala, sukuma kabati lako. Sukuma stendi ya TV. Kikitikisika, usiweke kadibodi kama mimi. Na kama umepata njia ya kukaza vitu bila kugusa ukuta wa mwenye nyumba, tuambiane. Tuko wengi.