Dar 1977 na Tembe Zako za Tumbo

Wacha nianze na kosa langu kabla sijanyooshea mtu kidole. Wiki jana nilikula smocha mahali ambapo nilijua vizuri sifai kula smocha. Usiku tumbo likaanza kuendesha. Asubuhi nikajikokota hadi kemisti ya mtaa, nikaweka mia kwa kaunta, nikasema, "Daktari, nipee Flagyl." Akanipea. Hakuuliza kama nina joto, kama nimeona damu, kama natapika, hata kama hiyo Flagyl ni yangu ama ni ya mbwa. Hakuandika popote. Nilikuwa nishatoka kabla matatu iliyokuwa steji ijaze.

Siku mbili baadaye tumbo lilikuwa limetulia (na kusema ukweli lingetulia tu hata bila dawa), nikaanza kujiuliza swali la ajabu. Hiyo dawa niliyomeza, kuna mtu yeyote Kenya hii anajua niliimeza? Serikali? Hospitali? Mtu wa takwimu? Nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka Dar es Salaam, mwaka wa 1977.

Kipindupindu cha enzi hizo kilianzia Indonesia 1961, kikazunguka Asia, kikaingia Afrika Magharibi 1970, kikafika Kenya 1971 na Tanzania 1974. Kwa hivyo mlipuko mwingine mkubwa ulipoanza Tanzania mwishoni mwa 1977, madaktari hawakuwa wageni wa huu ugonjwa. Walikuwa na dawa inaitwa tetrasaiklini, na waliitumia kwa wingi. Wagonjwa walipewa, na watu ambao hawakuwa wagonjwa pia walipewa kama kinga. Sitawacheka. Jirani akianguka asubuhi na azikwe jioni, hata wewe ungemeza chochote unachopewa.

Lakini hao madaktari walifanya kitu ambacho kemisti yangu haikufanya. Waliendelea kupima. Daktari Fritz Mhalu na wenzake walichukua bakteria kutoka kwa wagonjwa mwezi baada ya mwezi, wakaangalia kama dawa bado inawaua. Kazi yenyewe si uchawi. Unaotesha bakteria kwa kisahani, unaweka kikaratasi kidogo chenye dawa, unangoja kesho. Dawa ikiwa na nguvu, utakuta duara safi kuzunguka kikaratasi, kama vile tone la sabuni likianguka kwa sufuria yenye mafuta. Bakteria wakiwa sugu, hakuna duara. Wamejaa hadi ukingoni mwa karatasi.

Mwezi wa kwanza, tetrasaiklini iliwaua wote waliopimwa. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 walikuwa hawaisikii tena.

Rudia hiyo. Miezi mitano! Hiyo ni semista moja na likizo yake. Matokeo yalichapishwa 1979 katika jarida la Lancet, yaani hii habari ni mzee kuliko wengi wetu tunaosoma hapa, na bado sikuwahi kuisikia shuleni hata siku moja. Tulifundishwa Fleming na penisilini yake ya 1928 mpaka ikatutoka masikioni. Dar, ambayo unafika kwa basi, hakuna aliyetaja.

Mbona haraka hivyo? Wajapani walikuwa washajibu. Miaka ya 1950 walikuwa wanatibu kuhara damu kunakoletwa na bakteria anayeitwa Shigella, na wakaanza kupata Shigella ambaye hashindwi na dawa moja tu, bali kadhaa kwa mpigo. Kufikia 1959 walionyesha kwamba usugu huo unaweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Ni kama mtihani ukivuja. Mmoja akipata majibu, kesho grupu yote ya WhatsApp inayo. Kwa hivyo ile Flagyl yangu haikumtafuta mkosaji mmoja wa smocha ikamkamata. Ilipiga kila bakteria inayeweza kumpiga ndani ya tumbo langu, na waliobaki ndio wenye majibu.

Na hiyo Flagyl, kwa wasiojua, ilitoka Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950 kama dawa ya ugonjwa wa zinaa. Ndio. Baadaye ikaonekana inasaidia pia kwa amiba na bakteria fulani. Virusi haiwagusi kabisa, na kuhara kwingi, hasa kwa watoto, ni virusi. Kile kinachosumbua watoto sana, rotavirusi, kiligunduliwa 1973. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi yake 2014.

Hadithi hii ina upande mbaya zaidi. Julai 1994, laki kadhaa za Wanyarwanda walivuka mpaka wakaingia Goma. Watu kama 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja hivi. Kwanza kipindupindu, ambacho kilikuwa hakisikii tetrasaiklini, halafu Shigella ambaye dawa nyingi za kawaida hazikumfanya kitu. Nisidanganye, wengi hawakufa kwa sababu ya usugu. Walikufa kwa kukosa maji safi na mtu wa kuwarudishia maji mwilini.

Hapo ndipo kuna kitu kinaniuma, kwa sababu hilo la maji lilikuwa limejibiwa zamani. 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunywa maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo sahihi, na mwili ukayashika. 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India. Maji ya dripu yakamwishia. Akaamua kuchanganya glukosi na chumvi na kuwapa watu wanywe. Vifo vilitoka karibu asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Hiyo ndiyo ORS, ile pakiti ambayo sisi tunaona ni ya watoto wa kliniki.

Sasa turudi kwa swali langu la nani anahesabu.

Njia ya kwanza ni daftari. Mwaka wa 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo rahisi: nenda kituo cha afya, fungua rekodi, hesabu katika kila wagonjwa mia ni wangapi waliandikiwa antibiotiki. Poa sana, isipokuwa mimi siko kwa daftari lolote. Mia yangu iliingia kwa droo, tembe zikaingia kwa mfuko, kwisha.

Njia ya pili ni kubisha nyumbani. Zile tafiti kubwa za afya ya familia huuliza akina mama: mtoto wako amehara wiki mbili zilizopita? Alipewa nini? Lakini muulize mathe yeyote jina la dawa alizonunua mwezi jana. "Ni zile nyeupe." "Ni zile za rangi mbili." Tembe kwa karatasi ya khaki hazina jina.

Njia ya tatu ndiyo ilinimaliza. Unatuma mgonjwa wa uongo. Anaingia kama mteja, anasimulia kuhara kwa mtoto wake, anachukua anachopewa, akitoka nje anakuambia kila kitu. Watafiti walifanya hivyo India kwa watoa huduma zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka 2024 katika jarida la Science. Walitaka kujua mbona mtu anayejua vizuri kwamba ORS ndiyo dawa bado anatoa kitu kingine. Wengi tungesema ni pesa, ama ORS imeisha dukani. Hizo zilichangia kidogo tu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba daktari anadhani mgonjwa haitaki. Mgonjwa akisema mwenyewe anapenda ORS, uwezekano wa kuipata ulipanda kwa pointi 27 za asilimia.

Nilisoma hiyo mara tatu. Manze, mimi nilikuwa nimekuja kulaumu mtu wa kemisti.

Na kabla mtu aje kwa komenti kuniambia nachukia dawa: antibiotiki zina kazi yake. Ukiona damu kwenye choo, ama ni kipindupindu kikali, enda hospitali upewe. Lakini kwa kuhara maji-maji, kuna jaribio lilifanywa kwa watoto zaidi ya 8,000 katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo. Wote walipewa ORS na zinki, nusu wakaongezewa azithromaisini, nusu wakapewa dawa bandia. Baada ya miezi sita, idadi ya waliokufa katika makundi hayo mawili haikuachana kwa kiwango cha maana. Na hao ni watoto waliokuwa hali mbaya, si mimi na smocha yangu.

Jana nikarudi kwa ile kemisti. Tumbo liko sawa, nilitaka tu kuona. Nikasema, "Daktari, nipee ORS." Akainama, akasukuma maboksi mawili, akatoa pakiti kutoka rafu ya chini kabisa, akaipangusa vumbi kwa mkono. Halafu kwa mara ya kwanza akaniuliza swali.

"Mtoto ako na miaka mingapi?"