Pawatila na trekta dogo mlimani: yajue haya kabla halijapinduka

Haya wadau, leo tuongee mashine. Ukipanda basi Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, unaona mashamba yamening'inia mlimani na watu wengi wanalima kwa jembe la mkono. Tangu Kilimo Kwanza ya 2009 pawatila zimesambaa sana nchini, na vijana wanauliza: huku Usambara haziwezi? Zinaweza, ila siyo kila shamba. Ukikosea zinaua.

KWANINI LINAPINDUKA

Chukulia uzito wote wa trekta umekaa sehemu moja: kitovu cha uzito. Teremsha mstari wima kutoka hapo. Ukitua kati ya matairi, uko salama. Ukitoka nje ya tairi la upande wa chini, kwisha habari.

Mfano: matairi yameachana sentimeta 100, kitovu kiko sentimeta 60 juu ya ardhi. Likisimama kwa ubavu, linapinduka kwenye nyuzi 40 hivi. Tanua matairi yafike sentimeta 120, inakuwa nyuzi 45. Lakini usishangilie, hapo limesimama tu. Jiwe upande wa juu, shimo upande wa chini au kona ya haraka, linapinduka mapema zaidi.

UFANYE NINI

1. Tanua matairi. Matrekta mengi ringi zake zinageuzwa.
2. Shusha uzito. Jaza maji matairi ya nyuma mpaka robo tatu. Kila lita ni kilo moja.
3. Ukifunga plau zito nyuma, weka vyuma vya uzito mbele, la sivyo likipanda linainua pua.
4. Ukivuta gogo au tela, funga chini kwenye ndoano yake. Ukifunga juu ya ekseli, linakupindukia kinyumenyume hata hujawahi kukanyaga klachi.
5. Chagua gia ndogo kabla ya kushuka. Usikanyage klachi katikati ya mteremko.
6. Fremu ya chuma na mkanda. Sweden iliilazimisha fremu kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vikapungua sana. Kama fremu hakuna, mkanda usifunge.

PAWATILA INA MTEGO WAKE

Tambarare ukibana klachi ya kushoto, inakata kushoto. Ukiwa unashuka mteremko mkali inageuka: gurudumu uliloachia linakimbia zaidi, mashine inakwenda KULIA. Ukishuka, usiguse hizo klachi, geuza kwa kusukuma mikono yenyewe.

PIMA SHAMBA KWANZA

Chukua fito ya meta 2, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ilaze sawasawa (chupa ya maji itakuonyesha). Pima toka ncha ya pili kwenda chini. Ikizidi sentimeta 50, mimi nasema acha mashine, shika jembe, au kata shamba liwe ngazi.

Najua habari ya matuta ina historia. Mlalo Waingereza waliyalazimisha miaka ya 1940 na 1950, wakulima wakagoma. Lakini ngazi uliyokata mwenyewe inashika udongo na inakupa njia tambarare. Ila kaa mbali na ukingo: kama ukuta una kina cha meta 1, usisogee ndani ya meta 1.

Ukirudi nyumbani mwambie mzee kabla hajanunua. Wenye uzoefu wa Mtae, Bumbuli na kwingineko, mwageni hapo chini.