Motere za zamani za ziwani: kibati kidogo kinachobeba umri wao

Kwenye fuko za Tanganyika, kuanzia Uvira hadi Kalemie, motere ya boti iliyokufa haina heshima kubwa. Inalala nyuma ya nyumba, kuku wanataga pembeni yake, kisha siku moja anapita mnunuzi wa vyuma, anaipima kwa kilo na kuibeba. Aluminiamu yake inayeyushwa na kuwa sufuria. Shida ni kwamba kati ya hizo zinazoyeyushwa, nyingine bado zinaweza kufufuka, na nyingine zingeweza kutoa kipuri ambacho hakiuzwi tena dukani.

Historia yake inaanzia mbali. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alianza kuuza motere zake mjini Milwaukee mwaka 1909. Hakuwa wa kwanza: Cameron Waterman wa Detroit alikuwa amemtangulia. Lakini ile ya Evinrude ndiyo iliyoshika soko. Ilikuwa na silinda moja, nguvu ya farasi moja na nusu, na uzito wa kilo 28 hivi. Mke wake Bess, aliyeshughulikia barua na matangazo, alipoiona mara ya kwanza alisema inafanana na mashine ya kusaga kahawa. Baadaye waliuza kampuni, wakarudi na motere nyepesi ya aluminiamu iliyoitwa Elto. Wakati huohuo ndugu wa ukoo wa Johnson, wa jimbo la Indiana, walikuwa wakitengeneza za kwao. Mwaka 1936 Johnson na Evinrude ziliingia chini ya kampuni moja, OMC, ingawa kila moja ilibaki na jina na rangi yake. Fundi anayeanza asilisahau jambo hili, kwa sababu motere nyingi za baada ya hapo, za bluu na za rangi nyingine, ni ndugu wa tumbo moja na vipuri vyao vinaingiliana.

Kabla ya uhuru wa 1960, motere hizi zilikuwa tayari kwenye mito na maziwa ya Kongo, kwa wafanyabiashara, wamisionari na watumishi wa serikali ya Wabeleji. Kisha ikaja Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zinapewa Wazairwa. Maduka mengi yalikufa, na vipuri vikapotea pamoja nayo. Tangu hapo fundi wa ufukoni amejifunza kuponya motere kwa nyama ya motere nyingine. OMC yenyewe ilifilisika Desemba 2000, na utengenezaji wa Evinrude ukasimamishwa mwaka 2020. Yamaha za Japani ndizo zilizojaza nafasi.

Anayeanza hukosea kwa kuamini kofia. Kofia ya juu hubadilishwa ovyo na rangi hupakwa upya, kwa hiyo maandishi ya farasi 40 yanaweza kufunika farasi 25. Ukweli uko kwenye kibati kwenye bano linaloshika boti. Kwa Johnson za zamani namba ni kama RD-19, ambayo ni motere ya farasi 35 ya mwaka 1957. Za miaka ya 1970 ni rahisi zaidi: 25R73 ni farasi 25, ya kuvuta kwa kamba, ya 1973. Kuanzia 1980 OMC ilificha mwaka ndani ya neno INTRODUCES. Herufi I ni 1, N ni 2, na kuendelea mpaka S, ambayo ni sifuri. Kwa hiyo CO ni 85. Kibati kikiwa kimeng'oka, kwenye motere nyingi za OMC kuna kifuniko kidogo cha duara cha chuma kilichogongwa kwenye mwili wa silinda, na namba iko juu yake.

Umri si habari ya kujivunia tu, unaamua kipimo cha mafuta. Nyingi za miaka ya 1950 zilitaka oili sehemu moja kwa esansi sehemu 24. Kwa bido la litri 20 hiyo ni zaidi kidogo ya desilita 8. Za kuanzia 1964 nyingi zinatosheka na moja kwa 50, yaani desilita 4. Anayempa mzee chakula cha kijana ataunguza pistoni safari ya kwanza, na akiwa katikati ya ziwa, tena usiku, hasara haitakuwa ya motere peke yake.

Ikiwa imekwama, kamba isivutwe kwa nguvu. Buji zitolewe, oili nyepesi imiminwe kwenye matundu yake, na motere iachwe siku kadhaa. Hapa ndipo haraka imeua motere nyingi kuliko kutu. Ikishazunguka, yanafuata mambo matatu: mgandamizo, moto, mafuta. Moto mara nyingi umezuiwa na platini zilizoota kutu chini ya gurudumu zito la juu. Kusafisha kwa msasa mwembamba kunatosha, ila koili iliyopasuka haisafishwi, inabadilishwa. Kabureta ifunguliwe na kuoshwa. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia chini na mpira wa kuzuia umechoka.

Jaribio hufanywa ndani ya pipa lililojaa maji, kamwe si pakavu. Pampu ya maji ina kipepeo cha mpira kinacholainishwa na maji yenyewe; kikizunguka bila maji kinaungua kwa muda mfupi. Hicho, pamoja na pini ndogo ya elisi, ndivyo vipuri ambavyo fundi huvitoa kwanza kwenye motere iliyokufa kabla mnunuzi wa vyuma hajafika na mizani yake.