Maskauti wa Kike Waliokaa Peke Yao

Sisi wa Dumila twajua maana ya kukaa mbali. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, ilipita Kilosa, haikupita kwetu. Na ingawa sasa barabara kuu ya Morogoro na Dodoma yapita katikati yetu, mafuriko ya Januari 2014 yaliikata njia ile upande wa Magole, wasafiri wakakwama huku na huku. Kwa hiyo tumeona vema, katika kitabu hiki cha yubile, kuandika habari za wasichana waliotaka kuwa wanachama, nao hawana mwenzi karibu.

Bwana Robert Baden-Powell alipotoa kitabu chake cha uskauti mwaka 1908, aliwaandikia wavulana. Walakini wasichana nao walikisoma. Wengine wakajiandikisha kwa herufi za kwanza za majina yao tu, ili makarani wasitambue kwamba ni wanawake. (Werevu wa namna hii mwalimu hawezi kuukemea sana.) Septemba 1909, maskauti walipokutanika Crystal Palace, London, likatokea kundi dogo la wasichana wenye kofia na fimbo, wakaomba kupokelewa. Mwaka 1910 wakapewa chama chao wenyewe, chini ya Bibi Agnes, dada yake Bwana yule.

Lakini chama hicho kilisimama juu ya kikosi: wenzi, kiongozi, na mahali pa kukutana. Basi msichana akaaye shamba la mbali, au aliyelala kitandani kwa ugonjwa, afanyeje? Ndipo ikapatikana njia ya barua. Kiongozi aliandika barua ndefu kama kijitabu, yenye mafundisho ya kufunga kamba, ya kuuguza majeraha, na ya kutambua miti na ndege. Msichana wa kwanza akaisoma, akafanya kazi aliyopewa, akatia ukurasa wake, akaipeleka posta kwa wa pili. Naye vivyo hivyo, hata barua ikamrudia kiongozi imenenepa. Aliyekawia siku tatu aliwakawiza wote waliomfuata, wala hawakuwa na njia ya kumkemea usoni. Sisi twaona kwamba kazi hii ya kutokawia ilikuwa ngumu kuliko kufunga kamba.

Kwetu Afrika Mashariki uskauti wa kike ulianza Uganda mwaka 1914, Kenya mwaka 1920, na Tanganyika mwaka 1928, mwaka ule ule ambao chama cha ulimwengu kiliundwa huko Hungaria. Njia ya barua yataka mambo matatu: kusoma, karatasi na posta. Binti wa bondeni kwetu zamani hizo, mara nyingi hakuwa na hata moja.

Tena alikuwa na upweke wake mwingine. Kwa Waluguru, Wakaguru na jirani zao, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akakaa miezi, pengine zaidi ya mwaka, haonekani njiani. Walimu walishindana na wazazi kwa ajili hiyo, maana binti aliyeingia ndani aliacha shule, na mara nyingi alipotoka alitoka kwenda kuolewa. Hasara ile tumeiona katika koo zetu wenyewe, wala hatuwezi kuisifu.

Walakini si haki kusema kwamba mwali aliachwa bila mafundisho. Wanawake wazima walimjia, wakamfunza kwa nyimbo na mafumbo, na kila fumbo lilikuwa na maana yake ya kufunguliwa. Yule wa Ulaya alifundishwa na mtu asiyemwona, kwa karatasi. Huyu wa kwetu alifundishwa bila karatasi, na watu walioketi naye mkekani. Sisi tutembeao vigango, kutoka Magole hata Msowero, tumewasikia bibi zetu wakiimba nyimbo zile bila kukosa neno, kisha wakatukatalia kutufungulia maana yake, kwa kuwa tu wanaume.