Tramu na mwenda kwa miguu: "if-then" ya mbao na chuma

Haya basi wasomaji, leo tuweke kompyuta kando kidogo, turudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kule Brooklyn, Marekani, tramu za umeme zilianza kuchukua nafasi ya zile za kukokotwa na farasi. Watu waliozoea mwendo wa farasi wakajikuta wanakimbizwa na chuma. Ajali zilizidi hadi wenyeji wakabandikwa jina la "wakwepa tramu". Timu yao ya besiboli ikalirithi: ndiyo Dodgers, ambayo ilihamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957.

Shida ilikuwa nini? Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo, kwa hiyo tramu huchelewa kusimama. Tena dereva hana usukani wa kumkwepa mtu. Wahandisi wakajiuliza: kama kugonga hakuepukiki, tutamzuiaje mtu asiingie chini ya magurudumu?

Uingereza walifunga geti jepesi likaning'inia chini ya tramu, mbele ya magurudumu. Nyuma yake kulikuwa na trei. Aliyeanguka akiguswa na geti, geti linasukumwa nyuma, linafyatua trei, nayo inashuka barabarani na kumzoa. Kama geti limesukumwa, basi angusha trei. Hiyo ni programu kamili, jamani, na haimsubiri dereva!

Lakini trei haizuii pigo lenyewe. Msanifu majengo Antoni Gaudí aligongwa na tramu Barcelona tarehe 7 Juni 1926. Kwa mavazi yake, watu walidhani ni ombaomba. Alifariki siku 3 baadaye.

Tramu za siku hizi zina breki za sumaku zinazong'ang'ania reli moja kwa moja. Uso wake ni laini, wa mviringo, ili umsukumie mtu pembeni. Mwaka 2020 Ulaya ilitoa hata ripoti ya kiufundi, CEN/TR 17420, kuhusu umbo hilo. Nyingine zina kamera na rada za kumwonya dereva, na asipoitikia, breki zinajifunga.

Hapo ndipo sisi waandishi wa programu tunapotoka jasho. Trei ikianguka bure, unairudisha tu. Breki zikijifunga bure, abiria waliosimama ndani wanaanguka. Ukimlinda wa nje, usimsahau wa ndani.