Nafsi Katika Amri na Masimulizi

Kwa lugha yao ya Simula 67, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Oslo waliziweka data na vitendo vyake pamoja ndani ya ngeli moja. Tangu hapo, kila aliyebuni lugha ya programu zinazojengwa kwa vitu amelazimika kujibu swali la kisarufi: kitendo, yaani methodi, kinapoandikwa, mtendaji wake akae wapi?

Simula ilitanguliza jina la kitu, ikafuatisha nukta, kisha kitendo. Smalltalk, iliyozaliwa Xerox PARC huko California katika miaka ya 1970, ilikichukulia kitendo kuwa ujumbe unaopelekwa kwa kitu, wala haikuhitaji nukta hiyo. Bjarne Stroustrup, aliyeanza kazi iliyozaa C++ mwaka 1979, alimficha mtendaji: neno “this” humwakilisha ndani ya methodi, lakini hatajwi katika orodha ya parameta. Guido van Rossum, aliyetoa Python mwaka 1991, alishika njia nyingine. Methodi inapofafanuliwa, parameta yake ya kwanza ni kitu chenyewe, ambacho kwa desturi huitwa “self”, yaani nafsi.

Wengi waliuona huo kuwa uradidi usio na faida. Mwaka 2008, lilipotolewa pendekezo la kuiondoa nafsi hiyo, van Rossum alilikataa. Kwake, kukiita kitu kwa nukta na kukipitisha kama parameta ya kwanza ni jambo moja lenye sura mbili.

Kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, uradidi huo si mgeni. Mzungumzaji wa Kizulu huko Queensburgh, magharibi mwa Durban, humwamuru mtoto “funda!”, soma, akisimulia, husema “uyafunda”, anasoma. Amri hiyo haina kiambishi cha nafsi. Masimulizi kwa kawaida hukibeba, hata mtendaji akiwa ametajwa: Juma anasoma. Python imegawanya kazi vivyo hivyo. Wito ni amri: jina, nukta, kitendo. Ufafanuzi ni masimulizi, nao hudai nafsi. Ulinganifu huu una mpaka wake, kwa kuwa kiambishi cha Kibantu hufuata ngeli ya jina, ilhali “self” haibadiliki.

Hata hivyo, mwalimu wa Durban au Dar es Salaam hana sababu ya kuifundisha nafsi ya Python kama kasoro ya kuvumiliwa. Wanafunzi wake wamekuwa wakiitamka tangu walipojua kusema.