Kulipiziwa kisasi kazini

Kulipiziwa kisasi kazini ni hali ya mfanyakazi kudhuriwa na mwajiri, au na mtu mwenye mamlaka juu yake, kwa sababu amelalamika, ametoa taarifa au ametoa ushahidi kuhusu maovu kazini. Sura yake inayojulikana zaidi ni ya mfanyakazi anayepeleka malalamiko dhidi ya meneja wake katika ofisi ya rasilimali watu, kisha akaanza kufanyiwa visa. Katika sheria za nchi kadhaa kisasi ni kosa linalojitegemea: lalamiko la awali linaweza kukosa ushahidi wa kutosha, na bado mlalamikaji akashinda dai la kisasi, ilimradi alilalamika kwa nia njema na kwa sababu ya msingi.

Namna kinavyofanyika

Kufukuzwa kazi ndiko kunakoonekana waziwazi, lakini mara nyingi huja mwishoni. Kabla yake, tathmini ya utendaji ya mlalamikaji iliyokuwa nzuri miaka yote hushuka ghafla. Barua za kutakiwa kujieleza huanza kumiminika kwa makosa ambayo wenzake huyafanya bila kuulizwa. Zamu za usiku humwangukia yeye, safari zenye posho hupewa wengine, vikao hufanyika bila yeye kuarifiwa, na uhamisho wa kituo huja bila maelezo. Kila tendo kwa upande wake lina kisingizio chake. Yakipangwa kwa tarehe, kuanzia siku ya lalamiko, mwelekeo wake hujitokeza.

Kisasi hupata nafasi kwa sababu ya mpangilio wenyewe wa kazi. Ofisi ya rasilimali watu ni sehemu ya mwajiri na huwajibika kwa uongozi uleule. Meneja aliyelalamikiwa ndiye apangaye zamu, ajazaye fomu za tathmini na apendekezaye nani aongezewe mkataba. Hata jina la mlalamikaji likifichwa, maelezo ya tukio huweza kumtambulisha, hasa katika idara yenye watu wachache.

Sheria za kazi

Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kuwa kufungua malalamiko dhidi ya mwajiri anayedaiwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unazitaka nchi wanachama ziwalinde dhidi ya kisasi walalamikaji, waathirika, mashahidi na watoa taarifa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali mfanyakazi aachishwe kazi kwa kutoa taarifa anayoruhusiwa au anayotakiwa kisheria kuitoa, wala kwa kutumia haki aliyopewa na sheria au makubaliano. Mwajiri ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba sababu ni halali na utaratibu ulifuatwa. Sheria hiyo pia humhesabu kuwa ameachishwa kazi mtu aliyeacha mwenyewe baada ya mwajiri kuifanya kazi isivumilike. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri; migogoro mingine hupewa siku 60.

Nchini Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumwachisha au kumwadhibu mfanyakazi kwa kuanzisha malalamiko dhidi yake, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko hayo yalikuwa ya kutowajibika na hayakuwa na msingi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono.

Kesi mashuhuri

Marekani imeacha hukumu nyingi kuhusu jambo hili, kwa kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza kisasi waziwazi. Katika mwaka wa fedha 2020, Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya nchi hiyo ilipokea malalamiko 37,632 yaliyotaja kisasi, sawa na asilimia 55.8 ya yote.

Katika kesi ya Burlington Northern & Santa Fe Railway dhidi ya White, mwanamke pekee katika idara ya matengenezo ya reli kwenye kituo kimoja cha Memphis alilalamika mwaka 1997 kwamba msimamizi wake humwambia wanawake hawafai kufanya kazi pale. Msimamizi aliadhibiwa, lakini mlalamikaji naye aliondolewa kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo akapewa kazi za sulubu relini, kwa mshahara uleule. Desemba alisimamishwa bila malipo kwa siku 37, na sikukuu ya Krismasi ikamkuta hana mshahara. Baadaye alirudishwa na kulipwa. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mambo yote mawili yalitosha kuwa kisasi. Kipimo ilichokiweka ni kama tendo lingeweza kumkatisha tamaa ya kulalamika mfanyakazi mwenye busara ya kawaida.

Mwaka 2009, katika kesi ya Crawford dhidi ya Serikali ya Jiji la Nashville, mahakama hiyo ilimpa kinga hata mfanyakazi ambaye hakuanzisha malalamiko, bali alijibu tu maswali ya afisa rasilimali watu wakati wa uchunguzi. Katika kesi ya Nassar ya mwaka 2013, mahakama hiyohiyo ilikaza masharti: mlalamikaji aonyeshe kuwa bila kisasi asingetendewa alivyotendewa.

Uthibitisho na kinga

Mdai huhitaji kuonyesha mambo matatu: alilalamika, alidhurika, na madhara yalitokana na lalamiko. Kwa hilo la tatu, hutazamwa ukaribu wa tarehe, jinsi wenzake wenye kosa kama lake walivyotendewa, na iwapo maelezo ya mwajiri hubadilika kila anapoulizwa. Ndiyo maana lalamiko la maandishi lenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, pamoja na nakala za tathmini za nyuma, lina uzito mkubwa. Hata hivyo, kulalamika hakumkingi mtu na adhabu ya kosa la kweli.

Mwajiri mwaminifu humwondolea meneja aliyelalamikiwa madaraka ya zamu, tathmini na nidhamu juu ya mlalamikaji uchunguzi unapoendelea, na adhabu yoyote dhidi ya mlalamikaji huipeleka kwa mtu asiyehusika aipitie kwanza. Anayetiliwa kitumbua mchanga kwa kusema kweli haumii peke yake. Wenzake wanaona, wanajifunza kunyamaza, na maovu aliyoyataja yanaendelea kuwapata wao.